Propela ya Ndege Hoteli

Mweiga,
4 Februari 1968

Baba Wachuka,

Sasa hivi binti yako ameilisha propela viazi. Nilikuwa nimempondea viazi na maziwa, nikageuka kuchukua chumvi, kurudi nakuta sahani tupu na yeye amechuchumaa mbele ya ule mti uliovunjika uliouleta Krismasi. Anaupaka viazi kwa kiganja na kuuambia, kula, kula. Alipoona haumezi akauzaba kofi. Kwa hivyo namba ulizoniomba nimechelewa kuzisoma, maana zilikuwa chini ya viazi. Nimezisafisha kwa unyoya wa kuku. Karibu na tundu la katikati imeandikwa 72, halafu chini yake 42. Nimesoma mara tatu, na mama yako pia ameziangalia ingawa hajui kusoma, akasema ndiyo, ni hizo.

Nikuambie ukweli kuhusu kile kipande kingine, kile kifupi. Mama anakipigia maharagwe. Anasema tangu aolewe hajapata kitu kinachopukuchua maharagwe kama hicho, na kwamba Wazungu walikosea kukipeleka juu angani. Anakiita mwiko wa ndege. Nilimwambia ni mali ya Barre mwenye ndege. Akaniuliza kama Barre ana maharagwe.

Barua yako nimeisoma hata karatasi imeanza kukatika kwenye mikunjo. Nimeelewa hivi, unirekebishe kama nimekosea: ngiri alikimbia mbele ya ndege ikitua, propela ikavunjika, na sasa wewe ndiwe fundi wa kutafuta nyingine. Ndege ikiruka kufikia tarehe moja Machi, Barre anakuandika kazi ya kudumu na kukupa chumba cha mabati pale kiwanjani, mimi na mtoto tuje. Isiporuka, anaiuza kwa mtu wa Nairobi na wewe unarudi hapa kulima viazi na sisi. Siombi urudi kulima viazi. Sisemi ni kazi mbaya, lakini Wachuka ana mwaka mmoja na nusu na amekuona mara nne. Mara ya mwisho alikupa mkono kama mzee wa kanisa.

Nimeshashona pazia la dirisha la chumba hicho. Ni kitambaa cha maua mekundu. Hukuniambia dirisha ni kubwa kiasi gani. Niandikie.

Mimi mama wa mtoto wako,
Wakonyo


Nanyuki,
8 Februari 1968

Mama Wachuka,

Asante sana kwa namba. Mwambie Wachuka mdogo propela imeshiba.

Nitakueleza maana yake, kwa sababu kichwa changu kinauma na hapa hakuna wa kumweleza. Awale, yule rubani mpwa wa Barre, yeye huniambia, "Theuri, wewe funga, mimi nirushe." 72 ni urefu kwa inchi, kutoka ncha hadi ncha. 42 ni jinsi ilivyopindwa. Chukua kwamba hewa ni mbao na propela ni skrubu. Ikizunguka mara moja, ingeingia mbele inchi 42.

Sasa Barre amepata kitabu chenye picha kutoka duka moja la Nairobi. Kuna propela ya chuma inayong'aa kama sufuria mpya, na namba zake ni 71 na 50. Anaipenda. Analala na kile kitabu. Anasema mtu akiiona ikija atajua huyu ni Barre wala si mwingine. Hiyo ya 50 ina mbio sana ikishafika juu. Shida ni kufika huko juu. Nanyuki tuko mlimani, hewa ni nyembamba, na injini yetu ni ndogo. Nafikiri tunahitaji ya 42 kama ile ya zamani, lakini ya mbao mpya inatoka Ulaya kwa meli, miezi minne. Na mimi ni nani wa kumwambia Barre kitabu chake kinasema uongo? Hakisemi uongo. Ni propela nzuri. Ila si yetu.

Jana dereva wa lori la vitunguu ameniambia huko Kagio kuna mtu anaitwa Hezekiah, mwenye Ndege Hoteli, ambaye ametundika propela ya mbao juu ya kaunta yake. Alinunua kwenye mnada wakati Mzungu mmoja wa Naro Moru alipofunga mizigo. Mimi siwezi kutoka hapa. Nenda wewe ukaione. Umesoma hadi darasa la sita na macho yako yanaona kitu hata kikiwa chini ya viazi.

Angalia namba. Angalia kama ina ufa, au kama kuna mtu amegongelea misumari, maana ikipigwa msumari hata mmoja ni kuni. Kisha pitisha mti laini kwenye tundu la katikati, watu wawili washike huku na huku, uiachilie. Ikilala sawa kama mizani, ni nzima. Upande mmoja ukishuka, upande huo umekunywa maji.

Nenda na Mama, usiende peke yako. Na msimwonyeshe Hezekiah kwamba tunaihitaji sana.

Wako,
Theuri

Dirisha nitakuandikia.


Mweiga,
14 Februari 1968

Baba Wachuka,

Kwanza propela. Ni 72 na 42. Nimeandika kubwa ili usome hata kama una grisi machoni.

Pili, nimefikiria maneno yako ya skrubu, na mimi naona hivi. Mtu akibeba gunia la viazi kutoka kule bondeni hachukui hatua ndefu. Akijaribu, anafika nusu ya mlima magoti yanatetemeka, anakaa chini. Anachukua hatua fupi fupi, nyingi, na anafika. Hatua ndefu ni za kurudi kutoka sokoni mikono mitupu. Sasa ndege ya Barre hubeba nini? Dawa za ng'ombe, na Awale, ambaye wewe mwenyewe umesema amenenepa. Mwambie Barre hivyo. Usimwambie umeambiwa na mke wako, mpaka akubali.

Tatu ni safari yenyewe. Keti kwanza.

Nilimwambia Mama twende sisi wawili Jumatatu asubuhi. Mama akasema hakuna mtu anayekwenda nyumba ya watu kutaka kitu kikubwa akiwa mikono mitupu na bila mwanamume wa kusema. Kwa hivyo akamwita baba yako mdogo, Wamae, naye akavaa koti lake la harusi yetu na kuchukua fimbo. Mama akabeba sukari na majani ya chai kwenye kiondo. Wamae akabeba kibuyu cha pombe ya muratina chini ya koti, na Mama, kwa vile ni mtu wa kanisa, hakukiona. Mimi nikambeba Wachuka mgongoni. Tukapanda basi hadi Nyeri, tukapanda lingine hadi Kagio.

Hezekiah ni mtu mnene, mchangamfu, wa miwani. Alipotuona mlangoni, mzee mwenye fimbo mbele, mama mwenye kiondo nyuma, alifunga hoteli papo hapo. Akawaambia watu waliokuwa wakinywa chai waende kwao. Mimi nikafikiri, hawa watu wa Kagio wana heshima kweli.

Propela iko juu ya kaunta, imelazwa kwa nyaya mbili kama pembe za ng'ombe. Haina msumari. Nikamwambia Hezekiah ni kitu kizuri, akafurahi, akaishusha ili atueleze historia yake. Nikaomba ufagio. Yeye akauleta bila kuuliza, nafikiri alidhani ni desturi ya watu wa Nyeri. Tukapitisha mpini, Wamae akashika huku, mimi huku, nikaiachilia. Upande mmoja ukashuka moja kwa moja hadi chini, na moyo wangu ukashuka nao. Nikasema basi, imekunywa maji, tumerudi kwenye viazi. Kumbe Wachuka alikuwa amening'inia kwenye ncha. Alipotolewa, propela ikapanda polepole ikalala sawa, ikatulia. Sikujua mtu anaweza kutaka kulia kwa sababu ya ubao.

Nilitaka kusema hapo hapo tulichokuja kutafuta. Mama akanifinya. Kitu kikubwa hakiombwi siku ya kwanza, siku ya kwanza watu wanakunywa chai na kujuana. Hezekiah naye hakuuliza. Alikuwa anatungoja. Alitandika kitambaa mezani, akamwita mkewe, akamwita binti yake anaitwa Murugi, msichana mzuri, anasomesha shule ya msingi hapo. Wamae akatoa kibuyu chake. Hezekiah akamgeukia binti mbele yetu sote, akamuuliza, "Murugi, hii pombe ya wageni tuinywe, au tusiinywe?"

Wewe unajua kwetu msichana akiulizwa hivyo mbele ya wazee, hilo si swali la kiu.

Murugi akatuangalia mmoja mmoja, akaangalia ufagio, akasema, "Inyweni." Mama yake akaanza kulia kwa furaha. Wamae alikuwa ameshafika nusu ya pembe yake ya kunywea.

Ndiyo hivyo, Baba Wachuka. Tulikwenda kuangalia propela tumerudi tumeposa. Ndani ya basi nikamwambia Mama turudi tukaseme ukweli. Akasema turudi vipi na pombe iko tumboni mwa Wamae. Akasema pia kwamba Hezekiah hakuuliza bwana harusi ni nani, alijua tu ni kijana wa kwetu anayefanya kazi ya ndege huko Nanyuki, kwa sababu Wamae alijisifu. Mimi simjui kijana wetu mwingine wa kazi ya ndege isipokuwa wewe.

Usiwe na wasiwasi. Nitatafuta njia. Lakini akija mtu yeyote wa Kagio kukuuliza jambo lolote, usimjibu kitu mpaka nikuandikie tena.

Wako,
Wakonyo

Dirisha je?


Nanyuki,
15 Februari 1968

Mama Wachuka,

Barua yako haijafika lakini naona mlikwenda Kagio na mambo yalikwenda vizuri sana, nikushukuru. Nimejua kwa sababu leo asubuhi amekuja dada yake Hezekiah, anaitwa Watiri, anauza vitunguu katika soko la hapa. Kaka yake amemtuma aniangalie. Nikasema ni haki. Mtu hawezi kumpa propela yake mtu asiyemjua.

Ni mama mkali. Alinizunguka mara moja kama mtu anayenunua ndama. Akauliza ukoo wangu, nikamwambia. Akauliza kama nakunywa, nikasema chai. Akauliza kama nimewahi kuugua kifua, na kama meno haya yote ni yangu. Nikafungua mdomo akaangalia. Nilifikiri ni kwa sababu ya kazi yetu, huko juu baridi ni kali. Akauliza nitatunza vipi. Nikamwambia nitapaka mafuta kila wiki, nitafunika na blanketi, na sitaacha mtu mwingine aguse isipokuwa Awale, ambaye atatumia kila siku. Hapo alikohoa.

Nikaona nimwonyeshe kwamba mimi ni mtu mzima mwenye kutulia. Nikamwambia niko na mke mmoja na mtoto mmoja msichana, na wote wawili wanangoja kwa hamu. Nikatoa ile picha yenu ya Nyeri. Aliiangalia muda mrefu. Akachukua kiondo chake akaondoka, chai ameiacha mezani inatoa moshi.

Sijui nilikosea wapi. Labda hataki mwenye familia afanye kazi ya ndege, kwa ajili ya hatari.

Sasa sikia jambo lingine. Duka la Nairobi lilituazima ile propela ya chuma tuijaribu. Juzi nikaifunga. Barre akaja na wageni wake watatu waione ikiruka. Ilikimbia kiwanja chote. Ikafika mwisho wa nyasi bado inakimbia. Ikanyanyuka pale penye ua kama bata aliyefukuzwa, tukaona imepotea nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Baada ya muda ikarudi, Awale amekuwa rangi ya majivu, na kwenye gurudumu kunapepea kikoi cha kijani. Kilikuwa cha Barre. Kilikuwa kimeanikwa.

Barre alikikunja kikoi chake. Kisha akaniambia, "Hii chuma irudishwe Nairobi. Lete ile ya mbao. Tarehe ni ileile." Kwa hivyo sasa hatuna nyingine. Ni ile ya Kagio, au ni viazi.

Theuri


Ndege Hoteli, Kagio,
17 Februari 1968

Kwa Mama Theuri, Mweiga.

Bibi,

Naandika barua hii kwa hasira. Ulikuja nyumbani kwangu na mzee mwenye fimbo. Nilifunga biashara yangu, saa za chai, siku ya soko. Nilikunywa pombe yako. Hukunifungulia kinywa kuniambia kwamba huyo kijana wako ana mke tayari, na kwamba mke mwenyewe ndiye yule mliyemleta na mtoto mgongoni, mimi nikimpa ufagio nikidhani ni dada ya bwana harusi.

Dada yangu Watiri ameniambia pia kwamba kijana anakusudia kumpaka binti yangu mafuta kila wiki na kumfunika na blanketi, na kwamba kuna mwanamume mwingine anaitwa Awale. Sitaki kuelezwa.

Binti yangu ni mwalimu. Haendi kuwa mke wa pili wa mtu yeyote wa grisi. Baada ya hapo mzee wenu Wamae ameniletea salamu kwamba eti mlitaka propela. Nimecheka kicheko cha uchungu. Propela hii ndiyo jina la hoteli yangu. Haitashuka kwenye nyaya zake kwa ajili yenu mpaka nione binti yangu ameposwa na watu wanaojua walichokuja kutafuta.

Ni mimi niliyedharauliwa,
Hezekiah


Kagio,
19 Februari 1968

Dada Wakonyo,

Barua ya baba niliisoma kabla hajaifunga. Ninyi msiogope. Baba akikasirika hupungua uzito kidogo, na daktari amemwambia apungue.

Mimi nilijua tangu mwanzo. Hakuna watu wanaokuja kutafuta msichana halafu wakae saa nzima na ubao na ufagio, msichana mwenyewe wasimtazame. Nilisema inyweni makusudi. Nakuomba radhi. Kuna Mutahi, karani wa kiwanda cha kahawa, ananiambia mwaka wa pili huu kwamba atawatuma wazee wake, mara anangoja bonasi, mara anangoja mvua, mara viatu vya babake vimekwenda kushonwa. Nilitaka asikie kwamba kuna pombe imenywewa.

Amesikia. Jumanne hakuandika kahawa vizuri, wameniambia. Jumatano alikuja shuleni akasimama kwenye dirisha la darasa, watoto wote hamsini wakimwangalia, akaniuliza kama hao watu wa Nyeri wana shamba. Nikasema wana ndege. Wazee wake wanakuja Jumamosi hii.

Sasa ninyi njooni Jumamosi hiyo hiyo, lakini njooni mchana, wao wakishakuja. Mkimkuta baba amefurahi, msiseme juu ya propela mara moja. Anachoogopa ni kaunta tupu, na hoteli itaitwaje. Kama mna kitu cha kutundika hapo, kibebeni.

Mtoto wako bado ananing'inia kwenye vitu?

Murugi


Nanyuki,
21 Februari 1968

Mama Wachuka,

Barua yako ya tarehe 14 imefika leo. Ilikuwa imekaa kwa dereva chini ya kiti.

Nilimfungulia yule mama mdomo. Nilimwonyesha mpaka meno ya nyuma. Nilimwambia Awale atatumia kila siku.

Nimekaa juu ya pipa la mafuta tangu saa nne na siwezi kufanya kazi. Awale nimemwelezea, nikakosea, maana sasa yeye pia hafanyi kazi, amelala kwenye nyasi anacheka.

Maneno yako ya gunia la viazi nilimwambia Barre. Alisema, "Hilo ndilo neno la kwanza la maana nimesikia juu ya propela, kwa nini kitabu hakikuandika hivyo?" Nikamwambia ni la mke wangu. Akasema basi huyo mke aje upesi.

Kwa hiyo ni lazima nikuambie jambo nililokuficha. Umeniuliza dirisha mara mbili. Chumba hakina dirisha. Kina mlango tu na tundu la moshi. Nilikuwa naona unashona pazia la maua, nikashindwa kuandika. Kama hutaki kuja kwenye chumba kisicho na dirisha, nitaelewa.

Theuri


Mweiga,
25 Februari 1968

Baba Wachuka,

Barua hii inakuja na mzigo. Usifungue mzigo kabla hujamaliza kusoma.

Jana tulikwenda Kagio mara ya pili. Kazi ngumu haikuwa Hezekiah, ilikuwa Mama. Nilimwambia kwamba Hezekiah anahitaji kitu cha kutundika, na kitu pekee tulicho nacho ni vile vipande viwili vya propela yenu iliyovunjika. Kile kikubwa akakubali. Kile kifupi akakishika kifuani. Akasema maharagwe bado magunia mawili. Nikamwambia, Mama, ukikitoa hicho, mwanao atakaa na mke wake na mtoto wake. Akaniambia, nikikitoa hicho nitakaa hapa peke yangu na maharagwe.

Ni kweli, Baba Wachuka. Nilikuwa nimewaza kuhama na nikasahau ni nani anayebaki. Wachuka mdogo akaja akamlalia magotini. Kisha Mama akakiviringisha mwenyewe kwenye gunia, akasema tutakuja kumwona kila msimu wa mavuno, na tutakuja na huyo rubani mnene apige maharagwe. Nimeahidi. Mwambie Awale.

Tulipofika, wazee wa Mutahi walikuwa wameshaketi. Hezekiah alikuwa amefurahi hata miwani imepata mvuke. Alipotuona akakunja uso, lakini uso haukukunjika vizuri. Wamae akamwomba radhi kwa heshima, akasema safari hii hana kibuyu. Mama akamfungulia gunia. Nikamweleza kwamba hii propela ilimpiga ngiri ndege ikitua kwa mbio, na ngiri akaondoka kwa miguu yake. Hezekiah akashika zile ncha zilizopasuka. Akauliza, "Ngiri mzima?" Nikasema mzima. Akasema ile aliyo nayo yeye haijawahi kupiga kitu.

Dakika kumi baadaye alikuwa ametukabidhi ile yake, yuko juu ya meza anavitundika vile vipande viwili, kimoja huku, kimoja huku, na tayari alikuwa anawaambia wazee wa Mutahi kwamba ngiri alikuwa simba. Alama za viazi bado zinaonekana kwenye tundu. Murugi alinishika mkono jikoni, akacheka.

Sasa dirisha. Ulifikiri sitakuja? Nimewahi kulala chumba kimoja na mbuzi. Lakini pazia nimeshashona na sitalifumua. Nimeifunga propela na pazia hilo, ili isikwaruzwe ndani ya lori. Ukifungua, kitambaa usifutie grisi. Kipime. Ni inchi 36 kwa inchi 30, nimepima kwa rula ya Wachuka ya shule atakayokuja kusoma. Uliniambia propela inachaguliwa kulingana na ndege. Basi hili dirisha likatwe kulingana na pazia.

Wakonyo


Nanyuki,
29 Februari 1968

Mama Wachuka,

Imefika nzima. Nimeifunga jana. Mkaguzi wa ndege amekuja leo kutoka Nairobi, akaigongagonga kwa kidole kama mtu anayenunua chungu, akauliza nani aliipima mizani. Nikasema mke wangu, kwa ufagio. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, sijui kama ni hilo. Ameweka muhuri.

Kesho Awale anaijaribu. Barre ameondoa nguo zake zote kwenye kamba.

Nimechora dirisha ukutani kwa chaki, 36 kwa 30, upande wa mlima. Msumeno nimeazima. Lakini Barre amesema hataki mtu akate bati lake mpaka aone ndege imepanda na mzigo, na hapo ndipo atasema pia juu ya kazi. Barua ya kukuambia jibu lake haitafika kwa wakati, kwa hivyo tumepatana na Awale hivi: Jumamosi asubuhi anapeleka dawa upande wa Aberdare na atapita juu ya Mweiga, chini chini. Ndege ina viti viwili. Kama Barre amekataa, utamwona Awale peke yake, na mimi nitakuwa ndani ya basi na sanduku langu. Kama amekubali, nitakuwa kiti cha nyuma, kwa sababu fundi wa kudumu huruka na kazi yake mara ya kwanza. Nitavaa ile kofia ya sufu nyekundu uliyonifumia, uijue.

Hesabu vichwa.

Theuri


Mweiga,
2 Machi 1968

Baba Wachuka,

Muda huu huu Wachuka ameingia sufuria kubwa na miguu yote miwili na hataki kutoka, anasema anakwenda Nanyuki. Nimemwacha humo. Naandika ili mikono yangu iwe na kazi, maana tangu kuche nimefagia uwanja mara mbili na Mama ameniambia nikiendelea nitafikia maji.

Kama utakuwa ndani ya basi, barua hii utaisoma hapa nyumbani, na nataka ujue kwamba hata hivyo sitakasirika. Viazi vya mwaka huu si vibaya. Pazia tutalitundika kwa Mama. Nimeyafikiria hayo yote na nimeona naweza. Lakini pia nimefunga kiondo cha Wachuka, nguo tatu na kikombe chake, na nimekificha nyuma ya mlango nisikione.

Mama yuko nje na jirani wote, amewaambia wamuone mwanawe. Anapiga maharagwe kwa fimbo ya Wamae, anasema haifai kitu. Nasikia sauti, nilifikiri ni lori la maziwa, lakini haiishi, inakuja upande wa mlima, na si kama ile ya zamani, hii inapanda kwa hatua fupi fupi, nyingi, kama mtu mwenye mzigo anayejua atafika. Wachuka ametoka sufuriani. Sithubutu kwenda mlangoni. Mama anaita, "Wakonyo, acha kalamu, njoo," ati anaona vichwa viwili, na cha nyuma kimevaa kitu cheku—